Sahani ya Jerwin

Chumvi ndiyo iliyoanza kuleta maneno.

Mensiang alikuwa amesimama mbele ya jiko lake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe, lakini siku hiyo hakuruhusiwa kusogea hata hatua moja nje ya utepe wa njano waliombandikia sakafuni. Watu saba walikuwa wamejibana jikoni na taa zao na nyaya zao. Sufuria ya mbaazi nyeusi, nguruwe na fenesi bichi ilikuwa inatokota kwa mara ya nne tangu asubuhi. Mara ya kwanza mvuke haukuonekana kwenye kamera. Mara ya pili jogoo wa jirani aliwika. Mara ya tatu binti mmoja alizipaka mbaazi mafuta kwa brashi ili zing'ae, akazipaka moja moja kama mtoto anayepelekwa kliniki, na alipomaliza chakula kilikuwa kimepoa.

"Nang Mensiang, mbona hutii chumvi?" aliuliza Lemuel, akimwita Nang kama vijana wa hapo wanavyowaita wanawake waliowazidi umri. Yeye ndiye mwongozaji, mtoto wa mwalimu Fe wa palepale Agtabo, aliyesomea mambo ya filamu Iloilo mjini akarudi na nywele ndefu. Mtaa mzima ulimwita Direk kwa ajili ya kazi hiyo, hata mama yake.

"Si ulisema sahani hii ni ya marehemu?"

"Ndiyo. Mama anampikia mwanawe aliyefia baharini."

"Basi. Chakula cha wafu hakitiwi chumvi. Na mpishi haonji. Mwalimu Fe hakukufundisha?"

Lemuel alimtazama kama mtu aliyeokota pochi njiani. "Subiri, subiri. Jamani, msizime kamera! Nang, fanya hivyo hivyo. Shika kopo la chumvi, halafu liache."

"Nilishike la nini na silitaki?"

"Ndiyo huo, Nang! Uso huo huo!"

Mensiang hakujua ni uso gani. Alikuwa na kibanda cha chakula mbele ya nyumba, na kazi aliyoijua ni kupika, wateja wafunue vifuniko, wachague, wale, waondoke. Hawa waliomba apike, kisha hakuna aliyekula. Lemuel alimwambia asiigize, afanye tu anavyofanya siku zote. Lakini kila alipofanya anavyofanya siku zote, aliambiwa arudie. Alilishika kopo la chumvi, akaliacha. Akarudia. Mara ya tano hakuwa na hakika tena kama chumvi ameiacha au ameisahau.

Kisha ikagundulika kwamba picha ya marehemu, ile ya kuwekwa kati ya mishumaa, ilisahauliwa ndani ya gari lililorudi mjini. Jua lilikuwa linahama dirishani. Lemuel alitazama huku na huku, macho yake yakatua ukutani, juu ya televisheni, mahali alipokuwa Jerwin katika sare nyeupe ya chuo cha ubaharia, kofia kwapani, masikio yametoka nje.

"Nang, tuazime hii. Dakika mbili."

"Huyo ni mwanangu. Yu hai. Yuko kwenye meli ya mizigo, anapaka mashine mafuta."

"Najua, Nang, tulisoma wote. Itakuwa nyuma kabisa, ukungu mtupu. Hata yeye mwenyewe hatajitambua."

Mensiang alimtazama mumewe. Usting, dereva wa bajaji, alikuwa amevaa shati lake la kanisani tangu alfajiri ingawa hakuna aliyemwambia kwamba naye atapigwa picha. "Mpe tu," alisema Usting. "Mtoto aingie kwenye filamu, ubaya uko wapi? Tena filamu ya lugha yetu wenyewe."

Mensiang alikuwa na mwiko mkononi, watu saba wanamsubiri, jua linahama. Mensiang akaitikia kwa kichwa. Wakawasha mishumaa. Akapakua sahani isiyo na chumvi, ambayo haikuonjwa na mtu yeyote, akaiweka mbele ya uso wa mwanawe. Alilia, na machozi yale yalimshangaza mwenyewe. Lemuel alinong'ona kwamba safari hii hakuna haja ya kurudia.

*

Filamu ilionyeshwa miezi minne baadaye, Jumapili mchana, katika ukumbi wa parokia. Madirisha yalizibwa kwa mabango ya uchaguzi yaliyogeuzwa ndani nje, na kila upepo ulipovuma waliokaa pembeni waliona kipande cha tabasamu la mgombea.

Mensiang alikaa mstari wa mbele. Hakutulia, wala si kwa sababu ya filamu. Jerwin alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Jumapili baada ya misa, simu ya kuonana uso kwa uso, na jambo la kwanza lilikuwa kumwonyesha mama yake alichokula. Sasa Jumapili mbili zilikuwa zimepita, na hii ya tatu ilikuwa inaelekea kupita. Usting alisema ni mtandao. Mensiang hakumwambia mtu mwingine, kwa sababu jambo likishatamkwa linapata miguu.

Mwanzoni watu walicheka sana. Jikoni kwa Mensiang kulipotokea kwenye pazia jeupe la filamu, mtu alipiga kelele: "Lile beseni la bluu ni langu! Mensiang, lirudishe!" Mbaazi zilionekana kubwa kama mayai ya njiwa, na mchuzi wa zambarau ulichemka polepole, na tunda chachu la batwan lilizama ndani yake likaibuka. Watu ukumbini wakameza mate. Ni chakula wanachokula kila wiki bila kukitazama. Mensiang alisahau simu kwa muda. Alijiona mzuri, na hilo lilimtia aibu kidogo.

Kisha mkono wake, mkubwa kama mlango, ukalishika kopo la chumvi, ukaliacha. Wanawake wazee nyuma yake walivuta pumzi. Walijua maana yake.

Halafu akatokea Jerwin. Hapakuwa na ukungu wowote. Alijaa pazia zima, sare nyeupe, masikio yametoka, mshumaa kulia, mshumaa kushoto, akiwatazama watu wa mtaa wake kwa muda mrefu mno. Hakuna aliyecheka. Mwishoni yalipanda maandishi meupe: *Kwa wana wote ambao bahari haikuwarudisha.* Na chini yake, kwenye orodha ya shukrani, jina la Jerwin.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi, lakini makofi ya chini chini. Mensiang alipoinuka, walimpisha njia. Hakuna aliyemtania kuhusu beseni.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa anafagia mbele ya kibanda, na Nang Pasing wa nyumba ya pili akaja mbio, akampokonya ufagio.

"Usifagie, mwenzangu! Unataka msiba mwingine juu ya huu?"

"Msiba gani?"

Nang Pasing alimkumbatia. Kwapani alikuwa na bati la biskuti na pakiti mbili za kahawa, vitu ambavyo Agtabo huvipeleka nyumba ya matanga. "Kwa nini hamkutuambia? Mpaka tuone kwenye sinema, kama watu baki?"

"Jerwin hajafa, Nang."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Nang Pasing, akampigapiga mgongo. "Hata mimi alipokufa Rodel wangu nilisema hivyo hivyo wiki nzima."

Mensiang alieleza. Alieleza habari ya gari lililorudi mjini, jua lililokuwa linahama, ukungu alioahidiwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo Nang Pasing alivyozidi kumshika mkono. Kisha akamwuliza swali moja tu.

"Amepiga simu lini mara ya mwisho?"

Mensiang alianza kuhesabu Jumapili kwa vidole, akaishia njiani. Nang Pasing akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kuchemsha maji.

Kufika saa nne walikuwa wamejaa. Wateja walikuja bila kufunua vifuniko. Walizungumza kwa sauti ya kanisani na kuacha mchele juu ya meza. Mwalimu mkuu alileta maua. Kapitan Balbino, mwenyekiti wa mtaa, alikuja na vijana wanne na turubai la halmashauri, wakalifunga uani, kisha wakapanga chini yake meza tatu za karata, kwa kuwa matanga bila karata ni matanga ya watu bahili. Katikati ya kila meza likawekwa kopo la mgao wa wafiwa, la kutiwa sehemu ya kila ushindi.

"Kapitan, hakuna maiti," Mensiang alisema. Alijisikia mjinga kulisema jambo kama hilo mbele ya turubai.

"Tunajua, mama. Wa baharini ni vigumu kuwaleta," alisema Kapitan kwa upole, akachanganya karata.

Mensiang alimkuta Usting amesimama jikoni, kikombe cha kahawa ya msiba mkononi. Alikuwa anaikoroga tu, hainywi.

"Kwa nini umeipokea?"

"Wamenipa. Nimkatalie mtu kahawa?" Aliendelea kukoroga. Kisha akasema, bila kumtazama: "Mensiang. Kuna kitu unanificha?"

"Kitu gani?"

"Siku ile ulilia kweli. Nilikuwa pale. Mtu halii vile kwa ajili ya kamera. Na chumvi hukutia. Kama ulijua jambo, kama aliyepigiwa simu ni wewe..."

Mensiang alitamani kumpiga na mwiko. Lakini swali lilikuwa limeshaingia, likakaa. Kweli, kwa nini alilia? Kama ulikuwa mchezo, kwa nini hakutia chumvi? Mchezo hauna haja ya kufuata mila. Angetia kijiko kimoja tu, ile ingebaki sahani ya chakula cha mchana mbele ya picha ya mtoto. Yeye alipika ipasavyo, kama alivyompikia baba yake na mama yake, hakuonja, akawasha mishumaa, akamwita mwanawe aje ale. Na kama hiyo ndiyo sababu, mbona adhabu ilichelewa miezi minne? Na kama siyo sababu, mbona simu hailii?

Alijifungia chumbani akapiga simu kwa wakala wa mabaharia aliyempeleka Jerwin kazini. Ulipigwa muziki kwa muda mrefu. Kisha binti mwenye sauti tamu aliuliza jina la meli, akaenda, akarudi.

"Mama, kukiwa na habari yoyote, tutawapigia sisi."

"Habari ya namna gani?"

"Habari yoyote, mama. Asante kwa kupiga."

Alikaa kitandani na simu yake mapajani. Uani walikuwa wanacheka kidogo, kwani mtu alikuwa ameshinda mkono wa kwanza.

*

Lemuel alikuja saa sita, kamera ikining'inia kifuani. Alipoliona turubai alisimama kwanza, kisha akapita katikati ya meza za karata akiwasalimia watu kwa adabu nyingi mno.

"Waambie," Mensiang alimwambia.

Akawaambia. Alipanda juu ya benchi akasema kwamba ni filamu, ni hadithi, mambo ya kubuni, na kwamba Jerwin, kwa kadiri anavyojua, yu mzima. Watu walimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa kadiri unavyojua," alirudia Nang Pasing.

"Sasa mbona uliandika ni kwa ajili ya waliofia baharini?" aliuliza Kapitan. "Na jina lake chini yake? Kuna mtu hai anaandikwa hapo?"

"Ile ni orodha ya shukrani, Kapitan."

"Mwenyewe alikuazima picha?"

Lemuel akashuka kwenye benchi. Mensiang alimvuta hadi jikoni, akamsimamisha palepale palipobandikwa utepe wa njano siku ile.

"Itoe picha ya mwanangu kwenye filamu yako."

"Nang, imeshapelekwa Manila. Imechaguliwa. Kati ya filamu zote za mikoani wamechukua sita tu, na hii moja." Sauti yake ilikuwa inaomba. "Wamesema hawajawahi kuona chakula chetu kikionyeshwa kwa ukweli namna ile. Ni kwa sababu yako, Nang. Ile chumvi..."

"Ulisema ukungu."

"Nilisema. Halafu nikaona uso wake, na wako. Nikashindwa kuuweka ukungu." Machozi yalimlengalenga. "Ni filamu tu, Nang."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisiigize!" Mensiang alipiga kelele, na karata uani zikanyamaza. "Umeniambia nifanye kweli, nimefanya kweli. Sasa unaniambia ni filamu tu! Lipi ni lipi, Lemuel? Mimi sina shule yako. Nieleze. Mimi nilikuwa nafanya nini siku ile?"

Lemuel alionekana mdogo, kama enzi zile alipokuwa anakuja na Jerwin kuomba wali wa moto uliogandia chini ya sufuria.

Mensiang alijifuta uso kwa aproni. Akateremsha sufuria kubwa. Mbaazi alikuwa ameziloweka tangu jana kwa ajili ya kibanda, fenesi lilikuwa limekatwa, nyama ya nguruwe ilikuwepo. Hakufikiri sana. Alijua jambo moja tu, kwamba kilichopikwa kinaweza kupikwa tena.

"Washa hiyo kamera," alisema.

"Taa sijaleta, Nang. Na upande huu una kivuli..."

"Washa."

Akapika. Safari hii hakuna aliyemwambia asimame wapi. Mvuke ulipanda wenyewe, jogoo wa jirani aliwika, Usting akapita mbele ya kamera kutafuta kijiko. Fenesi lilipoiva Mensiang alilifungua kopo la chumvi, akachota kwa vidole, akatia mbele ya macho ya wote waliosongamana mlangoni. Akaonja. Akatia tena. Akaonja tena, kwa kelele, ili kila mtu asikie kwamba ameonja.

"Sahani ya mtu aliye hai," alisema. "Mmeona? Mmeona nyote?"

"Tumeona," walisema wanawake wazee, japo hawakuwa na hakika wameona nini.

Akapakua sahani ya kwanza, akaiweka mezani chini ya picha ya Jerwin. Hakuwasha mshumaa. Kisha akawapakulia waombolezaji wote, meza kwa meza, juu ya karata zao, nao wakaanza kula kwa hofu, maana hakuna aliyejua kama hiki ni chakula cha msiba au cha nini.

*

Simu ya Usting hukaa ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari wa dirisha, mahali pekee nyumbani penye mtandao wa kutosha simu ya kuonana. Ilianza kulia wakati Kapitan anaomba kuongezewa wali. Ililia mara tatu kabla ya mtu yeyote kuamini. Usting aliuchana mfuko wote kuitoa.

Uso uliotokea ulikuwa umegandaganda, lakini masikio yalikuwa yale yale, na sauti ikawaita 'Nay na 'Tay, mama na baba, kama siku zote.

"'Nay? 'Nay, mnanisikia? Tulitia nanga mbali na bandari, wiki tatu, mtandao hakuna! 'Tay, mbona unalia?"

Mensiang aliichukua simu mkononi mwa Usting. Watu waliacha sahani wakajazana nyuma yake, na katika kioo kidogo cha simu Jerwin aliona turubai la halmashauri, meza za karata, makopo ya mgao, maua ya mwalimu mkuu, na nusu ya Agtabo ikimkodolea macho.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nang Pasing aliufunika mdomo kwa kanga. Kapitan alivua kofia, halafu akaona haifai, akaivaa tena.

"Nani amekufa, 'Nay? Niambieni!"

"Hakuna," alisema Mensiang. "Hakuna aliyekufa. Umekula?"

Ndilo swali alilomwuliza kila Jumapili, na Jerwin akacheka kwa kupata nafuu. "Nimekula, 'Nay. Lakini afadhali nisingekula. Stoo imekauka, mpishi hana hata chumvi. Wiki tatu nzima tunakula chakula chapwa, hakina ladha kabisa. Kama tumekufa vile!"

Watu waliangua kicheko, kicheko kikubwa cha watu waliobanwa tangu asubuhi. Usting alicheka huku analia. Nang Pasing alisema asifiwe Mungu, kisha akaulizia bati lake la biskuti.

Mensiang hakucheka. Alimwangalia mwanawe, kisha akaitazama sahani iliyokuwa chini ya picha, na hakujua tena kilichotangulia na kilichofuata. Akampa Usting simu. Akarudi jikoni, akalichukua kopo la chumvi, akalimimina lote ndani ya sufuria iliyokuwa na chumvi ya kutosha. Akakoroga. Akatoka na sufuria, akaanza kuwaongezea watu mmoja mmoja bila kuwauliza.

"Kuleni," alisema. "Yuko mbali. Hana chumvi; ileni kwa niaba yake."

Kapitan alitia kijiko mdomoni. Macho yalimtoka, shingo ikamsimama. Alimtazama Mensiang, kisha akameza. Mwalimu mkuu naye akameza. Nang Pasing alikunja uso wote, akaendelea. Jerwin alikuwa anawatazama kutoka kwenye simu, akiuliza mbona watu wanakula kama wanakunywa dawa.

Lemuel alikuwa bado ameshika kamera mlangoni. "Nang," alisema kwa woga, "kivuli kilikuwa kimekuziba uso. Hatuwezi kurudia kidogo tu, pale ulipomimina?"

Mensiang alimpakulia sahani iliyojaa, akamwondolea kamera shingoni, akaitundika kwenye msumari wa dirishani.

"Hii hairudiwi," alisema. "Kaa chini ule."

Akala, na wote wakala, mpaka sufuria ikabaki tupu. Kisha wakaomba maji.